Anza na siku yake ya kazi: mwongozo wa kumpima mteja anayerudi kazini Nairobi

Mwongozo huu ni wa wataalamu wa tiba kazi (occupational therapy), yaani wanaomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku, wanaohudumia watu wazima hapa Nairobi: waliopata kiharusi, waliokatwa vidole na mashine, walioumia mgongo wakibeba mizigo, na wanaotoka wodi za afya ya akili. Swali lao huwa ni moja: nitarudi kazini lini? Nimeuandika kwa sababu naona tunapima sana mwili na kuuliza machache mno kuhusu kazi yenyewe. Dainamomita itakuambia mkono unakaza kwa nguvu ya kilo ngapi. Haitakuambia kama mwenye mkono huo hushinda na nyundo Kamukunji au hukesha getini akilinda. Hilo analijua mwenyewe, na zipo njia zilizojaribiwa za kumsaidia alitoe, aliwekee alama na alitumie kuamua.

Hatua ya 1: Chagua kipimo kinachomfaa mtu

Kliniki nyingi zina fomu moja iliyozoeleka, na kila anayeingia hujaziwa hiyo. Hapo ndipo tunapomkosa mteja kabla hata hajaketi. Vipimo vinne vinatosha kwa kuanzia, na kila kimoja kina pake.

Canadian Occupational Performance Measure, kwa kifupi COPM, kilitungwa Kanada na Mary Law pamoja na wenzake, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1991. Ni mahojiano yanayogusa mambo matatu: kujihudumia, kazi na uzalishaji, na starehe. Mteja ndiye anayetaja yanayomshinda, anayesema lipi ni zito zaidi, na anayejipa alama. Kinamfaa karibu kila mtu, hasa anayejiajiri.

Worker Role Interview, yaani WRI, kimejengwa juu ya nadharia ya Gary Kielhofner na wenzake iliyochapishwa mwaka 1980, inayomtazama mtu kupitia msukumo wake, mazoea yake, uwezo wake na mazingira yake. Toleo la 10 la mwaka 2005 lina vipengele 16. Hapa mteja anaeleza na wewe ndiye unayepanga alama baadaye. Kitumie kwa aliyeumia akiwa na kazi na sasa anafikiria kuirudia.

Work Environment Impact Scale, au WEIS, chenye vipengele 17, kinachunguza mazingira ya kazi: muda, zana, mpangilio wa mahali, wenzake, msimamizi, malipo. Kinamfaa aliye kazini sasa, au aliyetoka juzi na bado anapakumbuka vizuri.

WHODAS 2.0 cha Shirika la Afya Duniani kilitoka mwaka 2010. Kina toleo la maswali 36 na fupi la maswali 12, yote kuhusu siku 30 zilizopita, na ni cha bure. Mimi hukitumia kusindikiza tu. Maswali yake yamepangwa tayari, na mtu anaweza kuyajibu yote bila kukuambia kwamba kinachomkosesha usingizi ni deni la chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu.

COPM, WRI na WEIS vinauzwa. Omba kliniki inunue kitabu cha maelekezo na fomu halali, kisha ukisome kitabu chote. Nakala ya fotokopi iliyopita mikono mingi huwa imepoteza ukurasa wa maelekezo, na bila maelekezo hayo alama unazoandika hazina msingi.

Hatua ya 2: Andaa mazungumzo

Mazungumzo ya COPM huchukua nusu saa au zaidi, na ya WRI yanaweza kufika saa nzima. Kwenye kliniki ya umma yenye foleni hadi mlangoni, usijidanganye kwamba utayamaliza asubuhi moja. Yagawe. Siku ya kwanza akuhadithie kazi yake, siku ya pili mje kwenye alama.

Muulize anapenda kuzungumza lugha gani. Nairobi hii mmoja atataka Kiswahili, mwingine Kikuyu, Kikamba, Dholuo au Kisomali, na kijana wa Kayole atakuwa huru zaidi kwa Sheng. Ukihitaji mkalimani, asiwe mtoto wa mteja. Na unapoandika, yaandike maneno yake kama yalivyotoka. Akisema "mkono umekataa kushika", usiandike "upungufu wa nguvu za misuli". Utakapompima tena utamsomea maneno hayohayo, naye atayatambua kuwa ni yake.

Jamaa nao wana mahali pao. Mama aliyepata kiharusi hufika na mwanawe aliyemlipia teksi, na kila ukiuliza jambo, mwana ndiye anayejibu. Anajibu kwa upendo, lakini majibu ni ya kwake. Mwambie kwa heshima: "Asante kwa kumleta mama. Nitakuhitaji baadaye tuongee sisi wawili. Kwa sasa naomba nimsikie yeye." Kisha timiza ahadi hiyo, kwa kuwa mwana huyo ndiye atakayeamua kama mama ataruhusiwa kutoka nyumbani.

Jambo gumu kuliko yote ni heshima tunayopewa sisi. Utauliza, "Mama, ungependa tuanze na nini?" naye atakujibu, "Wewe ndiye daktari, sema tu." Ukikubali kusema, kipimo kimeishia hapo, na yatakayofuata yatakuwa mawazo yako yaliyoandikwa kwa jina lake. Mjibu hivi: "Mama, mambo ya misuli na neva nimesomea. Kibanda chako sikijui. Naomba unifundishe." Kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu kuliko ulivyozoea. Uache uwe mrefu. Mara nyingi jambo lenyewe hutoka hapo.

Hatua ya 3: Pitia siku ya kazi tangu kuamka hadi kulala

Usiulize "una shida gani?" Utapewa orodha ya maumivu. Mwambie akupitishe kwenye siku moja ya kazi kama ilivyokuwa kabla hajaugua.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama mboga wa Umoja, mwenye miaka hamsini na kitu, aliyepata kiharusi miezi minne iliyopita na upande wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Anaamka saa kumi alfajiri. Anapanda matatu ya Jogoo Road hadi Marikiti, anachagua sukuma na nyanya kungali giza, anapatana bei, anatafuta wa mkokoteni wa kumfikishia mzigo hadi steji. Saa mbili anapanga kibanda. Mchana ni wa wateja wachache na kuchambua maharagwe. Kuanzia saa kumi na mbili jioni watu wakitoka kazini foleni inaanza: huyu anataka sukuma ya thelathini ikatwe, yule analipa kwa M-Pesa, wa tatu anadai chenji, mtoto ametumwa nyanya mbili kwa deni. Anafunga saa tatu usiku.

Hapo unapata mambo ambayo vyombo vyako havingekupa. Kukata sukuma ni kazi ya mikono miwili, wa kushoto ukikaza fungu na wa kulia ukipitisha kisu, na wateja hupenda ikatwe nyembamba. Choo anachotumia ni cha kulipia na kiko mbali, kwa hiyo mtu anayetembea polepole ataacha kunywa maji. Askari wa kaunti, kanjo, wakitokea, kila mmoja hukusanya vitu haraka. Na pesa za siku zinaingia kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, saa zilezile ambazo uchovu wa baada ya kiharusi humshika vibaya. Ukimpima saa tatu asubuhi akiwa amepumzika, umepima saa isiyo ya kazi yake.

Jaza maswali kidogokidogo: Nani alikuwa akikusaidia hapo? Ungekosa siku moja ingekuwaje? Ni sehemu gani uliipenda? Hilo la mwisho wengi huliruka. Mama anaweza kukuambia kwamba anachokosa hasa ni zile hadithi za jioni na majirani, na hilo litabadilisha mpango wako wote.

Hatua ya 4: Alama za COPM, na jinsi ya kuziuliza kwa Kiswahili

Mkishapata orodha ya yanayomshinda, uliza umuhimu wa kila moja kutoka 1 hadi 10: "Jambo hili lina uzito gani katika maisha yako sasa? Moja ni kwamba halina uzito wowote, kumi ni kwamba lina uzito mkubwa kabisa." Kisha achague yasiyozidi matano. Kwa kila alilochagua, uliza mawili zaidi:

"Kwa sasa unalifanyaje? Moja, siwezi kabisa. Kumi, nalifanya vizuri sana."

"Na unaridhika kiasi gani na jinsi unavyolifanya? Moja, siridhiki hata kidogo. Kumi, naridhika sana."

Kwa asiyezoea kutoa alama, panga maharagwe kumi mezani na umwambie asukume yale yanayolingana na hali yake. Hesabu ni ileile, ila sasa anaiona na kuigusa. Usimsaidie kwa kusema "labda nne hivi?" Nne hiyo itakuwa yako.

Tuseme mama wetu amechagua haya:

- Kukata sukuma: kufanya 2, kuridhika 1
- Kwenda Marikiti alfajiri: kufanya 1, kuridhika 1
- Chenji na M-Pesa: kufanya 5, kuridhika 4
- Kukaa kibandani hadi saa tatu usiku: kufanya 3, kuridhika 2
- Kuhudhuria chama kila Jumapili: kufanya 4, kuridhika 4

Jumlisha alama za kufanya, ugawe kwa idadi ya mambo: 15 kwa 5, unapata 3.0. Kuridhika ni 12 kwa 5, yaani 2.4. Andika tarehe. Hiyo ndiyo hali ya mwanzo.

Angalia lile la chama. Ungeharakisha kuliandika chini ya starehe. Muulize kwanza. Wanawake wengi wa sokoni hupata mtaji wa kununulia bidhaa kutoka kwenye chama, na asiyehudhuria hupoteza zamu au kuaminika. Kwa mama huyu, kuweza kupanda ngazi za nyumba ya mwenyekiti wa chama ni sehemu ya kazi.

Kwa aliyepoteza usemi baada ya kiharusi, au ambaye mawazo bado yametawanyika, usilazimishe mahojiano. Tumia picha za shughuli, mtazame akifanya, na urudie COPM hali ikitulia.

Hatua ya 5: Aliye na mwajiri, tumia WRI

Sasa fikiria mpakiaji wa godauni Industrial Area, aliyeumia mgongo akihamisha mifuko ya simiti ya kilo 50. Picha ya eksirei haionyeshi jambo kubwa, daktari anasema amepona, mwajiri anampigia simu, na yeye bado hajarudi. Mtu kama huyu hupewa majina mabaya haraka. WRI inakusaidia kujua kinachomshikilia.

Katika mahojiano yataka kusikia mambo kama haya: anajionaje, anaamini atafaulu akirudi? Ana lengo lolote la kazi? Aliipenda kazi hiyo au aliivumilia? Majukumu mengine, kama karo ya watoto au mzazi mgonjwa kijijini, yanamsukuma arudi au yanamvuta abaki? Siku yake sasa inaendaje, anaamka saa ngapi? Mke na marafiki wanasemaje? Supavaisa akoje? Wenzake watampokea au watamwona mzigo?

Baada ya hapo ndipo unapopanga kila kipengele kwenye ngazi nne: kinamsaidia sana kurudi, kinamsaidia, kinamzuia, au kinamzuia sana. Andika sababu kando ya kila alama, kwa maneno yake. Kwa mpakiaji wetu huenda ukakuta kwamba anaipenda kazi na familia inamtaka arudi, ila supavaisa aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba anajifanya, na yeye mwenyewe haamini mgongo utastahimili. Huko ndiko kwa kuanzia, na mazoezi ya mgongo peke yake hayatakufikisha.

Mrudishie ulichoandika. Mwambie: "Nimekusikia hivi. Nimekosea wapi?" Kisha rekebisha mbele yake. Kipimo ambacho mteja hajui kilisema nini juu yake hakijamhusisha, hata kama kwenye kitabu kimeitwa cha kumzingatia mteja.

Kwa waliokuwa wakitibiwa Mathari au kliniki nyingine za afya ya akili, maswali haya yanafaa vilevile, kwa uangalifu mmoja zaidi: kama mwajiri ataambiwa ugonjwa au hataambiwa ni uamuzi wa mteja. Jadilini faida na hatari, kisha umwache aamue.

Hatua ya 6: Nenda uone kazi yenyewe, kwa ruhusa yake

Beba tepu ya kupimia, mizani ndogo ya kuning'iniza, daftari na viatu imara. Pima urefu wa meza, uzito wa mzigo, umbali hadi chooni na hadi steji. Uzito uupime mwenyewe pale inapowezekana. Gunia la mahindi hutajwa kuwa la kilo 90 na la viazi kanuni zinataka lisizidi kilo 50, lakini unayoyakuta yakishushwa sokoni yanaweza kuwa mengine kabisa. Kamukunji nenda saa ya chakula cha mchana, maana wakati wa kazi kelele za mabati hazikuachi usikie jibu. Ukiwa hapo mtazame mwenzake wa kazi ileile dakika kumi. Utaona mikao na mbinu ambazo mteja hakuwahi kuzitaja kwa sababu kwake ni kawaida mno.

Ruhusa ni suala zito. Kibarua wa mjengo huchaguliwa getini kila asubuhi. Ukifika na sare ya hospitali ukamuulizia kwa foremani, kesho hatachaguliwa. Kwa hiyo muulize kwanza: niende au nisiende? Nikienda, niseme mimi ni nani? Akikataa, muombe achore mahali hapo kwenye karatasi, au apige picha kwa simu yake bila sura za watu. Habari za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Idhini ya kuzungumza na mwajiri iwe ya maandishi, na itaje nini kitasemwa na nini hakitasemwa.

Hatua ya 7: Sasa pima mwili

Nguvu za mkono, mwendo wa viungo, hisia za ngozi, usawa wa mwili, macho, kumbukumbu, umakini. Haya unayajua, na huna haja ya kupima yote. Pima yanayohusiana na mambo yaliyochaguliwa, kwa mizigo na vimo ulivyovikuta kazini, na ikiwezekana katika saa za kazi yake. Kwa mama mboga, mpe fungu halisi la sukuma, sarafu halisi na simu yake mwenyewe, umtazame akihudumia wateja watatu mfululizo huku unaongea naye.

Hatua ya 8: Pangeni pamoja

Chukua jambo moja au mawili kati ya yale matano, yale anayoyataka zaidi, na muulize yeye kwanza angelitatuaje. Watu wa jua kali ni mafundi wa kutengeneza njia.

Kukata sukuma kwa mkono mmoja kunawezekana kwa ubao wenye misumari miwili ya chuma kisichoshika kutu ya kushikilia mashina, ukingo pembeni wa kuzuia fungu lisiteleze, na vibano vya kuufunga kwenye meza ya kibanda. Seremala yeyote wa mtaani ataufanya ukimchorea vizuri. Usimkabidhi tu aende nao. Afanye mazoezi hadi ukataji wake uwe wa kasi ambayo mteja wa jioni atavumilia, na misumari ifunikwe asipoutumia. Stuli ya kimo sahihi na kulala saa moja mchana vitamsogeza kuelekea ile saa tatu usiku. Na Marikiti? Hapo huenda jibu likawa mpwa wake au mwenzake wa kibanda cha pili amnunulie naye alipie nauli. Mpango huo usiuone kuwa umeshindwa. Ukiwa ameuchagua mwenyewe, ni mpango mzuri.

Kumsikiliza mteja hakumaanishi kukubali kila kitu. Mwendesha bodaboda aliyepata jeraha la kichwa na sasa anaanguka kifafa atakuambia umuhimu wa kurudi barabarani ni 10. Iandike hiyo 10. Halafu mwambie ukweli waziwazi, bila kuzungukazunguka, kwamba kwa hali hii hawezi kubeba abiria, umuunganishe na daktari kuhusu dawa, kisha urudi kwenye hadithi ya siku yake kutafuta alichokithamini ndani ya ile kazi. Kama ni kuwa na pesa mkononi kila jioni, kazi ya mshahara wa mwisho wa mwezi haitamtosheleza; kutengeneza pikipiki pale pale steji huenda kukamfaa, mradi asiziendeshe na awe mbali na moto na mashine zinazozunguka.

Asiyeweza kabisa kurudia kazi ya zamani anaweza kujifunza nyingine. Serikali ina vituo vya mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu, na cha Nairobi ni Industrial Rehabilitation Centre, Industrial Area. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili na kushughulikia maombi ya vifaa saidizi. Usimpeleke popote kabla ya COPM, au atafundishwa kushona viatu mtu ambaye hakuwahi kutaka viatu.

Hatua ya 9: Barua kwa mwajiri

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Iseme anachoweza kufanya leo, anachohitaji kibadilishwe, kwa muda gani, na lini atapimwa tena. Kwa mpakiaji: wiki mbili za kwanza nusu siku kwenye kuhesabu mizigo na stakabadhi, mzigo usiozidi uzito uliomwona akiuinua salama, kisha ongezeko kidogokidogo. Jina la ugonjwa si lazima liwemo. Msomee barua kabla haijatoka, akikataa sentensi uiondoe.

Jua sheria kiasi cha kumwelekeza. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inampa aliyeumia kazini miezi 12 ya kuwasilisha dai lake, na wengi hufika kwetu muda ukiyoyoma bila wao kujua, kwa hiyo uliza tarehe ya ajali siku ya kwanza kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kwa sababu ya kutoweza kimwili amweleze kwanza kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na amsikilize. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Wewe si wakili. Mpeleke kwa ofisi ya usalama na afya kazini au kwa msaada wa kisheria.

Hatua ya 10: Pima tena kwa maswali yaleyale

Mwishoni mwa kipindi mlichokubaliana, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, msomee mambo yake matano kwa maneno yake na umwombe alama upya. Usimwonyeshe za kwanza hadi amalize.

Tuseme mama mboga sasa amesema: sukuma 7 na 7, Marikiti 1 na 6, chenji 7 na 7, kukaa hadi usiku 6 na 6, chama 7 na 8. Kufanya kumepanda hadi 5.6, kuridhika hadi 6.8. Kwa mujibu wa watunzi wa COPM, mabadiliko ya alama 2 au zaidi yana maana katika tiba. Hapa kufanya kumesogea 2.6 na kuridhika 4.4.

Tazama Marikiti. Kufanya kumebaki 1, kuridhika kumetoka 1 hadi 6. Haendi sokoni, na ameshakubali kutokwenda kwa sababu mboga zinafika. Ungepima miguu yake tu ungeandika kwamba hakuna maendeleo. Kinyume chake hutokea pia: mpakiaji anaweza kurudi kwenye kasi yake ya zamani, kufanya kukawa 8, na kuridhika kukabaki 3. Hapo rudi kwenye WRI, kipengele cha supavaisa na cha wenzake, au mpe WEIS kwa vile sasa yuko kazini.

Alama zikishuka, uliza maisha yamebadilika vipi kabla ya kulaumu tiba. Kibanda kimebomolewa? Mpwa ameolewa? Kodi imepanda? Kama jambo jipya limekuwa zito kuliko yale matano, fungua fomu mpya yenye tarehe mpya na uiweke ya zamani kwenye faili. Usifute na kuandika juu yake. Kisha mpange simu: wiki mbili baada ya kurudi kazini, mwezi mmoja, na miezi mitatu. Mpigie saa ambazo hana wateja. Kwa mama mboga, hiyo ni kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana.